Kikohozi Kilichohudhuria Kliniki

Jumatatu hiyo muuguzi wa chanjo alikuwa ameshafuta mizani, ameshapanga kadi mafungu matatu, na alikuwa anachonga penseli pale Mama Kidole alipoingia akaketi mwisho wa benchi. Mbele yake walikuwepo akina mama kumi na tisa. Alivaa gauni lake la kila siku, mbeleko kaifunga mgongoni kwa fundo lile lile la kifuani, na ndani ya mbeleko hamkuwa na mtoto. Mtoto walikuwa wamemzika Ijumaa. Ndani ya mbeleko mlikuwa na kikohozi.

Kilikuwa kikohozi cha mtoto yule yule, hakuna aliyekikosea. Kilianza kwa mipigo midogo ya haraka haraka, mmoja juu ya mwingine, kumi, kumi na tano, bila nafasi ya kupumua katikati. Kisha kikanyamaza, na kiliponyamaza benchi zima nalo likanyamaza. Halafu pumzi ikavutwa kwa mlio mrefu, mwembamba, kama filimbi yenye ufa. Mama Kidole akapigapiga mbeleko kwa kiganja. Mwanamke aliyekuwa karibu naye akasogea kumpa nafasi.

"Kinakuacha ulale?" akamuuliza.

"Kikichoka kinaniacha."

"Pole, mwenzangu. Hakiambukizi lakini?" Huyo wa pili alikuwa na mtoto wa siku arobaini, na alikuwa na haki ya kuuliza.

Muuguzi alijibu bila kuinua kichwa. "Hakiambukizi. Kimeshamaliza kazi yake."

Zamu ilipofika, Mama Kidole alisimama mbele ya meza. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minne, mshona vifungo. Mafundi cherehani watatu wa mtaani walimpelekea mashati yao, akatoboa matundu na kushona vifungo akiwa kibarazani kwake.

"Nimekuja nacho, Sista," alisema. "Tuliporudi makaburini nilikikuta kitandani, pale pale alipokuwa akilala. Ningekiacha na nani?"

Muuguzi alitaka kusema mengi. Mdomo ukasema kile ulichozoea kusema.

"Kadi unayo?"

Kadi alikuwa nayo. Walikiweka kikohozi kwenye kile kisuruali cha mizani, mama akiwa amekinga mikono chini yake, na mshale ukatetemeka, ukapita kilo nne, ukasimama kwenye nne na gramu mia tisa. Mara ya mwisho mtoto mwenyewe alikuwa na nne na mia sita.

"Ameongezeka gramu mia tatu," muuguzi alisema, na papo hapo akatamani kuimeza ile "a" ya mwanzo.

"Ndiyo maana mgongo unauma," mama akajibu, akafunga mbeleko.

Mtoto aliitwa Kidole kwa sababu alikuwa mng'ang'anizi wa vidole vya watu. Ungempa chako angekishika, na kukitoa mkononi mwake ilikuwa kazi. Siku ya chanjo alikishika cha muuguzi. Muuguzi alimchoma paja la kushoto kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukiwa umekamatwa, na akina mama walicheka wakasema huyu atakuwa polisi.

Sindano ile haikuwa na kinga yoyote ndani.

Jokofu la chanjo lilikuwa bovu tangu mwaka juzi. Tabia yake ilikuwa kupitiliza. Wiki mbili lingepoza inavyotakiwa, kisha lingeamka vibaya na kugandisha kila kilichomo. Muuguzi alikuwa ameandika barua tatu juu ya jokofu hilo, na barua zote tatu zilijibiwa kwamba zimepokelewa. Asubuhi moja, mwishoni mwa robo ya mwaka, alikuta kipimajoto kinasoma nyuzi sita chini ya sifuri.

Chanjo ya kifaduro haitaki kuganda. Ikiganda imekufa, hata kama baadaye itayeyuka na kurudia weupe wake kama maziwa, na kwa kuitazama tu huwezi kuijua. Lakini ipo njia ya kuijua. Unatikisa kichupa, unakiweka mezani, unasubiri. Chanjo nzima hubaki nyeupe kwa muda mrefu. Iliyokufa hujitenga upesi, maji juu, chenga chini. Muuguzi alitikisa vichupa vinne akavipanga mezani, na kabla hajamaliza kufunga aproni yake maji yalikuwa juu na chenga zilikuwa chini.

Akamwita mkuu wa zahanati, ambaye watu walimwita Asilimia, mbele yake na nyuma yake, naye hakuchukia.

"Zimekufa, bosi. Tuzitupe, tuagize nyingine."

"Kuagiza ni wiki mbili."

"Wasubiri wiki mbili."

Asilimia alichungulia dirishani. Watoto thelathini na mmoja walikuwa benchini na mama zao. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka wa mafuriko ndiye aliyembeba mjamzito mgongoni, maji yakiwa yamemfika kifuani, akamfikisha salama. "Tuko asilimia tisini na moja ya waliochanjwa," alisema taratibu. "Robo inafungwa kesho. Tukikosa tisini na tano wanaifunga zahanati, wanawaambia hawa wote waende hospitali kubwa, kilomita ishirini. Unadhani wataenda? Wewe zitikise vizuri zichanganyike, uwachome."

Hilo ndilo lililokuja kumla roho muuguzi baadaye. Hakutishwa. Hakupandishiwa sauti. Aliambiwa kwa upole, naye akavichukua vichupa kwa upole, akavitikisa, akawachoma wote thelathini na mmoja, kisha akaandika kwenye kila kadi kwa mwandiko wake mzuri, tarehe na sahihi.

Wiki tatu baadaye Kidole alianza kukohoa. Siku kumi na moja baada ya hapo alikohoa, akanyamaza, na mlio wa kuvuta pumzi haukuja.

Muuguzi alijaribu kujitetea, kama mtu yeyote angejaribu. Alijiambia kwamba hata chanjo nzima ya kwanza haimkingi mtoto sawasawa, ni lazima zitimie tatu. Hilo ni kweli, na ukweli huo haukumsaidia kitu.

Asilimia aliposikia kwamba kuna kikohozi benchini alitoka ofisini, akainama, akakisikiliza kwa adabu zote, mikono nyuma.

"Kina kadi?"

"Kinayo," muuguzi akasema.

"Uzito?"

"Umepanda."

"Basi anahudhuria. Kuna haja gani ya kumwandika amefariki? Mwandike anaendelea." Akaagiza kikohozi kiwekewe nafasi ya kudumu mwisho wa benchi, upande wa kivuli, kwa sababu mama yake alikuwa na msiba. Kwenye rejista ya vifo ya mwezi ule hapakuandikwa kitu.

Kikohozi kikawa kinahudhuria. Kila mwezi Mama Kidole alikileta, muuguzi akakipima, akaweka nukta kwenye kadi na kuiunganisha na nukta iliyotangulia. Mstari ulipanda vizuri kabisa, katikati ya njia ya kijani. Kilipofika kilo sita sauti yake ilinenepa kidogo. Mwezi wa tano kiliweza kukaa chenyewe kwenye benchi bila kuegemezwa, na mama mmoja ambaye mwanawe wa miezi saba alikuwa hajaweza kukaa aliona wivu, akauliza kinalishwa nini.

"Hakili," Mama Kidole alisema. "Kinanitumia mimi tu."

Nyumbani muuguzi alikuwa na binti yake mdogo. Na hapa lipo jambo ambalo alikuwa hajamwambia mtu, hata mume wake. Siku ile ya vichupa vinne binti naye alikuwa kwenye orodha. Alikuwa mtoto wa thelathini na mbili. Kadi yake ilipofika mezani mama yake aliichukua, akaitia mfukoni mwa aproni, akaita, "Nimemaliza." Jumamosi akapanda gari na mtoto hadi hospitali kubwa, akapanga foleni kama mama yeyote asiyejulikana, akaomba aonyeshwe kichupa kabla mwanawe hajachomwa. Yule muuguzi wa huko alimwonyesha bila kinyongo. Kilikuwa cheupe, na kiliendelea kuwa cheupe.

Kwa hiyo binti alikuwa na afya, mnene, mwenye mikunjo mapajani, na muuguzi akaacha kumwogesha, akamwachia baba yake. Mume wake alimuuliza kama anaumwa. Akasema ni uchovu. Mtoto alipopaliwa maji siku moja akakohoa mara mbili, mama yake alitoka nje akasimama karibu na kamba ya nguo mpaka alipoitwa.

Mwezi wa sita watoto wengine wawili katika wale thelathini walianza kukohoa, mmoja wa fundi bomba na mwingine wa mwalimu wa chekechea. Wote wawili walilazwa hospitali kubwa, wakapewa dawa mapema, wakapona. Muuguzi alikwenda ofisini kwa Asilimia akasimama.

"Turudie chanjo kwa wale wote, bosi. Nina majina yao."

"Kadi zao zimejaa."

"Zimejaa uongo."

Asilimia alivua miwani akaifuta. "Sista, ukimchoma mtoto mara ya pili chanjo ile ile, umesema kwamba ya kwanza haikuwa chanjo. Ukisema ya kwanza haikuwa chanjo, utaulizwa nani alichoma. Sahihi iliyo pale si yangu." Alisema kwa huruma ya kweli, kama mtu anayemzuia mwenzake asikanyage msumari. "Kaa kimya. Nakuambia kama dada yangu."

Muuguzi alikaa kimya siku nne. Siku ya tano, baada ya kazi, alipiga moyo konde akaenda kwa Mama Kidole.

Alimkuta kibarazani, shati jeupe mapajani, uzi mdomoni. Kikohozi kilikuwa kimewekwa kwenye mkeka kando yake, mito miwili imekizunguka kisije kikabingirika. Muuguzi alipewa kigoda. Hakukaa.

"Mama Kidole, ile chanjo niliyomchoma mtoto ilikuwa imekufa. Iliganda kwenye jokofu. Nilijua kabla sijamchoma."

Mama Kidole alikata uzi kwa meno. Alitunga kifungo kingine kwenye sindano. "Nilikuona unavitikisa vile vichupa," alisema. "Nikasema moyoni, huyu dada anaifanya kazi yake kwa uangalifu."

Kikohozi kikaanza. Wote wawili walikisubiri kimalize, kikavuta pumzi, kikatulia.

"Wako alichomwa wapi?" Mama Kidole aliuliza. Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama anavyouliza fundi upana wa kola.

Muuguzi angeweza kudanganya. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, na uongo wake pia ungekuwa mzuri. "Hospitali kubwa," alisema. "Jumamosi yake."

Mama Kidole aliliweka shati chini. Alivikusanya vifungo kimoja kimoja, akavirudisha kwenye kopo lao. Muuguzi alisimama. Alingoja atukanwe, alikuwa amejiandaa kwa matusi tangu asubuhi, na hata kofi angelipokea. Hakuna kilichokuja.

"Wamebaki wangapi?" Mama Kidole aliuliza hatimaye.

"Thelathini. Wawili wameshaugua wakapona. Ishirini na wanane."

"Nyumba zao unazijua?"

"Nazijua."

Mama Kidole alinyanyuka, akatandaza mbeleko, akakipakata kikohozi, akakifunga mgongoni. "Peke yako watakuambia kadi zimejaa," alisema. "Twende."

Walisubiri kwanza chanjo mpya. Siku gari la chanjo lilipofika muuguzi alivipokea vichupa mlangoni, akavitia moja kwa moja kwenye kasha la baridi kabla jokofu halijaviona. Kwenye daftari la stoo aliandika kwamba vimeanguka vikavunjika. Kwa siku sita, kila baada ya kazi hadi magharibi, walikwenda nyumba kwa nyumba, mmoja na kasha begani, mwenzake na kikohozi mgongoni.

Maneno yalikuwa yale yale kila mlango. Muuguzi alisema, "Chanjo niliyompa mwanao ilikuwa imekufa, nilijua, nimekuja kuirudia." Kisha Mama Kidole aligeuka kidogo ili mgongo wake uelekee mlangoni, na kikohozi kikafanya kazi yake. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Wengi walimleta mtoto bila neno. Bibi mmoja alimtemea muuguzi mate miguuni, kisha akamshikilia mjukuu wake imara ili achomwe. Mama mmoja alilia, akawapa maji ya kunywa, akalia tena. Dereva mmoja wa lori alisema mwanawe hatachomwa tena na mkono ule hata aje nani, na alikuwa na haki. Alimfunga mtoto kwenye kiti cha lori asubuhi yake akampeleka mwenyewe hospitali kubwa. Wawili walikuwa wamehama mji. Muuguzi aliandika majina yao kwenye karatasi na mpaka leo anaulizia.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya fundi saa. Alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama Mama Kidole, si muuguzi.

"Wewe unamsaidia huyu? Baada ya hayo?"

"Simsaidii yeye," Mama Kidole alisema. "Namtembeza mwanangu."

Baada ya hapo muuguzi aliandika barua ya nne. Hii haikuwa juu ya jokofu peke yake. Aliandika tarehe, nyuzi sita chini ya sifuri, vichupa vinne, watoto thelathini na mmoja, jina lake mwenyewe kamili, na la Kidole. Aliomba mtoto aandikwe kwenye rejista ya vifo. Akaipeleka kwa mkono wilayani, akapewa mhuri wa kupokelewa.

Ofisa wa wilaya alikuja baada ya wiki saba. Alikuwa mwanamke mchangamfu mwenye kalamu nne mfukoni. Alikagua rejista, akasifu mwandiko. Alifungua jokofu, ambalo siku hiyo lilikuwa limeamka vizuri, akakuta nyuzi nne juu ya sifuri, akaandika "linafanya kazi". Kisha akaomba kuonyeshwa mtoto anayedaiwa kufariki. Mama Kidole alikuwa benchini, mahali pake. Ofisa alikisikiliza kikohozi, akakitazama kikipimwa, kilo nane na mia mbili, akafuatilia mstari wa kadi kwa ncha ya kalamu mpaka juu.

"Mbona anakua vizuri tu," alisema.

"Alikufa," muuguzi akasema. "Alikufa kwa sababu yangu."

"Dada, aliyekufa hana nukta kumi kwenye kadi. Mimi siwezi kumwandika marehemu mtu anayeongezeka uzito." Akamshika bega. "Umechoka. Omba likizo."

Mama Kidole alikuwa anamfunga mwanawe mgongoni.

Mwisho wa mwaka zahanati ilifikisha asilimia tisini na nane. Asilimia alipandishwa cheo akahamia wilayani, kwenye ofisi ile ile inayopokea barua. Waliagana naye kwa keki, akatoa hotuba fupi, akamshukuru muuguzi wa chanjo kwa jina kuliko wote, na machozi yalimlengalenga kweli. Jokofu lilibaki. Muuguzi aliomba kuadhibiwa, kwa maandishi, akajibiwa kwamba hakuna kosa lililothibitika. Tangu hapo kila asubuhi anatikisa kichupa cha kwanza mbele ya benchi zima, anakiweka mezani, na akina mama wote wanakitazama pamoja naye. Mara mbili wameona chenga. Mara zote mbili amewarudisha nyumbani, na mara zote mbili mkuu mpya amemwandikia barua ya onyo kwa kushusha asilimia.

Jumamosi moja Mama Kidole alikuja nyumbani kwa muuguzi. Hakuwa amewahi kufika pale. Binti alikuwa uani anajifunza kutembea kwa kusukuma ndoo tupu, na Mama Kidole alisimama akamtazama kwa muda, akatazama yale mapaja yenye mikunjo, akageuza uso.

"Nimepata kazi ya mashati ya shule," alimwambia muuguzi. "Mia mbili na arobaini, yote na vifungo vyake. Siwezi kuinama nikiwa naye mgongoni, amekuwa mzito. Nataka umchukue kila Jumamosi."

"Nitamchukua," muuguzi alisema upesi mno. "Na Jumapili pia. Siku yoyote."

"Jumamosi." Alifungua fundo la kifuani. "Na usije ukafikiri nimekusamehe, dada. Sijakusamehe. Nimechoka mgongo tu."

Muuguzi aliinama. Mama Kidole alimpandisha mwanawe mgongoni mwa muuguzi, akaivuta mbeleko, akaikaza kuliko inavyohitajika, akaondoka bila kuaga. Kilikuwa na joto, na uzito wake uliegemea zaidi upande wa kushoto. Muuguzi alikwenda nacho sokoni, kwa sababu sabuni ilikuwa imekwisha. Njiani watu walimpisha. Muuza mbogamboga aliuliza mtoto anaendeleaje, muuguzi akasema anaendelea. Mbele ya duka la sabuni mtoto alianza kukohoa, mipigo kumi, kumi na tano, ishirini, kisha kimya. Muuguzi alisimama pembeni mwa njia, mkono nyuma, kiganja kwenye mbeleko, na watu wakampita huku na huku. Alisubiri. Mlio ulipokuja aliingia dukani, akasema anataka mche mmoja wa sabuni.